Ombi Kutumwa Sio Pesa Kuingia: Maswali ya Wanaotengeneza Apu za Malipo

Jumamosi moja, saa moja jioni, simu iliingia kwenye dawati letu la huduma kutoka Ongata Rongai. Alikuwa kijana aliyemtengenezea mamake apu ya kuagiza gesi. Alianza polepole, "Habari ya jioni dada, naomba unisaidie kitu kidogo tu," halafu sauti ikapanda. Tangu asubuhi mitungi 9 ilikuwa imetoka dukani kwa boda boda. Kila agizo kwenye apu lilikuwa na alama ya kijani na maneno "Asante, malipo yamepokelewa." Lakini kwenye taarifa ya Till ya mamake kulikuwa na malipo 6 pekee. Na kati ya hayo 6, mawili yalitoka kwa mteja mmoja, ambaye sasa alikuwa akipigia duka simu kila dakika akitaka pesa zake za ziada.

"Dada, sasa pesa yetu imeenda wapi?"

Haikuwa imeenda popote. Wateja wanne hawakuwa wamelipa kabisa. Apu ya kijana huyu ilikuwa inasema "Asante" mara tu ombi la malipo linapotumwa kwenye simu ya mteja, kabla hata mteja hajaweka PIN. Ombi kutumwa na pesa kuingia ni vitu viwili tofauti, na katikati yake mambo mengi hutokea.

Kila wiki tunapokea maswali kutoka kwa watu kama yeye: wanafunzi, mafundi wa apu, wenye maduka waliojifunza wenyewe YouTube usiku. Leo tumekusanya yale yanayojirudia sana, pamoja na vifaa ambavyo vitakuokolea muda. Kama wewe si developa, usifunge ukurasa huu. Huenda kesho ukamlipa mtu akutengenezee apu, na pesa zitakazopotea zitakuwa zako, sio zake.

Tutatumia mifano ya Daraja, mfumo ambao Safaricom ilizindua mwaka wa 2017 ili programu za watu wengine ziweze kuunganishwa na M-PESA, kwa sababu ndio wengi wanaoanza nao hapa Kenya. Mifumo mingine ya malipo hufuata mpangilio unaokaribiana na huo.

Swali la 1: Je, nahitaji apu kweli?

Tunaanza hapa kwa sababu wengi hawajiulizi. Kama una wateja 20 kwa siku na wote wanakuja dukani, nambari ya Till iliyobandikwa ukutani inatosha. Kama wateja wako ni wale wale wa mtaa na wanaagiza kwa WhatsApp, bado inatosha.

Apu inaanza kuwa na maana pale ambapo huwezi tena kujua ni nani amelipia nini. Maagizo ni mengi, mtu wa kupokea pesa sio mtu wa kutoa mzigo, na jioni hesabu hazilingani. Hata hapo, jiulize kama tovuti ndogo inayofunguka kwenye simu haitakutosha. Mteja hatalazimika kupakua chochote, na si kila mtu yuko tayari kutumia bando lake kupakua apu ya duka moja la gesi.

Swali la 2: Malipo husafiri vipi ndani ya apu?

Hili ndilo swali lililomgharimu kijana wa Rongai, kwa hivyo tutalitembea hatua kwa hatua. Mteja anapobonyeza kitufe cha "Lipa":

1. Apu inaiambia seva yako: mteja huyu anataka kulipia agizo hili.
2. Seva yako inatuma ombi kwa mfumo wa malipo: nambari ya simu, kiasi, na nambari ya agizo.
3. Mfumo unajibu papo hapo, "Sawa, nimelipokea ombi lako." Kwenye Daraja, jibu hili huja na ResponseCode 0 pamoja na nambari ndefu ya kufuatilia inayoitwa CheckoutRequestID.
4. Simu ya mteja inaonyesha kidirisha cha kuweka PIN. Hapa anaweza kulipa, kukataa, kukosea, au simu yake ikazimika.
5. Mfumo unatuma jibu la mwisho kwenye anwani ya seva yako. Hili ndilo lenye ResultCode, na kama malipo yamefaulu, nambari ya risiti ya M-PESA.

Angalia hatua ya 3 na ya 5. Zote mbili zinaweza kuja na sifuri, na sifuri maana yake ni "sawa." Lakini sifuri ya kwanza inasema ombi limepokelewa. Sifuri ya pili inasema pesa zimelipwa. Kijana wetu alikuwa ameona sifuri ya kwanza akafurahi, akaandika "Asante" hapo.

Tulipofungua rekodi naye usiku ule, hadithi ya mitungi minne ilijieleza yenyewe. Mteja mmoja alikuwa na jibu la mwisho la 1, yaani salio halikutosha. Wawili walikuwa na 1032, yaani walighairi wenyewe kwenye kidirisha cha PIN. Wa nne alikuwa na 1037, yaani simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Kuna nyingine utakayoiona mara nyingi, 2001, ambayo kwa kawaida humaanisha PIN iliyowekwa si sahihi. Majibu yote haya yalikuwa yamefika kwenye seva yake tangu asubuhi. Apu haikuwa inayasoma.

Basi weka sheria hii kwenye apu yako: kati ya hatua ya 3 na ya 5, skrini iseme "Tunasubiri uthibitisho," na mzigo usitoke. Neno "Asante" lingoje risiti.

Swali la 3: Na jibu la mwisho lisipokuja?

Litachelewa siku moja. Netiwaki italala, seva yako itazimika, ama stima itapotea. Usikae ukingoja bila kikomo, na usimwambie mteja "imefeli" kwa kubahatisha.

Mifumo ya malipo huwa na njia ya kuuliza: "Lile ombi lenye nambari hii liliishia wapi?" Ifanye seva yako iulize yenyewe baada ya dakika moja hivi, kisha tena baadaye kidogo. Ukijibiwa limefaulu, endelea. Ukijibiwa limekataliwa, mwambie mteja sababu kwa lugha ya kawaida. "Salio lako halikutosha" humsaidia mtu. "Hitilafu 1" haimsaidii mtu yeyote.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: anwani ya seva yako inayopokea majibu ni kama mlango wa nyuma wa duka. Mtu mwenye nia mbaya akiijua, anaweza kutuma jibu bandia linalosema "amelipa." Kwa hivyo usiamini kila kinachobisha hodi. Hakikisha CheckoutRequestID ni ile uliyopewa mwenyewe, kiasi kinalingana na bei ya agizo, na kwa mzigo wa pesa nyingi, uliza mfumo wenyewe kabla ya kutoa kitu.

Swali la 4: Kwa nini mteja alilipa mara mbili?

Yule mama aliyekuwa akipiga simu kila dakika alikuwa na haki. Alibonyeza "Lipa," ombi likatoka, kisha netiwaki yake ikakatika kidogo. Apu ikamwandikia "Hitilafu, jaribu tena." Lakini ombi la kwanza lilikuwa tayari limefika. Akaweka PIN. Akarudi kwenye apu, akakuta bado imeandikwa "jaribu tena." Akajaribu tena, kama alivyoambiwa, akaweka PIN mara ya pili.

Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, kitufe cha "Lipa" kikishabonyezwa kilale mpaka jibu lijulikane. Pili, kila agizo liwe na nambari yake moja, na seva ikatae kutuma ombi jipya kwa agizo ambalo ombi lake la kwanza bado linasubiri jibu. Tatu, seva ikipokea jibu la mwisho mara mbili kwa risiti ile ile, ihesabu mara moja tu, maana majibu nayo hurudiwa wakati mwingine.

Na pesa zikishalipwa mara mbili, zirudishe haraka bila kuzungushana. Mteja aliyerudishiwa pesa zake siku ile ile hurudi dukani.

Swali la 5: Si ningesoma tu SMS ya malipo?

Tunaulizwa hili sana, kwa sababu linaonekana rahisi: apu isome ujumbe wa uthibitisho kwenye simu, ione jina na kiasi, imalize kazi. Jibu letu ni hapana.

Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Wenye maduka wanajua hili kuliko sisi. Mtu anakuonyesha simu yake, "Mama, si uone, nishatuma," na kweli kuna ujumbe wenye kila kitu mpaka salio, ila pesa hazipo. Kama jicho la mtu linadanganywa, apu itadanganywa haraka zaidi. Isitoshe, Google Play haitoi ruhusa ya kusoma SMS ovyo ovyo. Huruhusu apu chache zenye sababu maalum, na yako ikiomba bila sababu hiyo itakataliwa.

Uthibitisho wa malipo utoke kwenye mfumo wa malipo wenyewe, sio kwenye skrini ya simu ya anayelipa. Hii inamhusu developa na inamhusu pia anayeuza nyanya.

Swali la 6: Funguo za siri niziweke wapi?

Ukisajiliwa kwenye mfumo wa malipo utapewa funguo. Hizo ndizo zinazouambia mfumo "huyu ni fulani, anaruhusiwa kuomba malipo kwa Till hii." Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kuziandika ndani ya apu yenyewe.

Apu ikishapakuliwa kwenye simu ya mtu, iko mikononi mwake. Faili ya APK inaweza kufunguliwa na kusomwa na mtu mwenye ujuzi wa kawaida tu. Ukificha ufunguo humo, umeufungia duka kufuli kisha ukaacha ufunguo chini ya zulia la mlangoni. Funguo zikae kwenye seva. Apu izungumze na seva yako, na seva izungumze na mfumo wa malipo.

Vivyo hivyo na bei. Apu isiwe ndiyo inayoamua kiasi. Apu iseme "mtungi mmoja wa kilo 6," na seva itafute bei yake. La sivyo mtu atabadilisha kiasi kuwa shilingi 1 na wewe utakuwa umeuza.

Usipandishe funguo GitHub hata kama ni kwa dakika tano. Zikishatoka, usifute tu, badilisha zote.

Na la mwisho hapa: apu yako isiwe na mahali popote pa kuandika PIN ya pesa za simu. PIN huwekwa kwenye kidirisha cha mfumo wa malipo pekee. Kama wewe ni mteja na umekutana na apu inayokuomba PIN yako ndani ya fomu yake, ifunge na uiondoe.

Makosa madogo yanayoleta simu nyingi

*Nambari ya simu.* Mmoja ataandika 07, mwingine 01, mwingine +254, mwingine ataacha nafasi katikati. Daraja inataka nambari ianze na 254 bila alama ya kujumlisha. Wacha mteja aandike anavyopenda, halafu apu isafishe yenyewe.

*Senti.* Ombi la malipo la Daraja hupokea shilingi nzima. Ukiwa na punguzo linaloleta 1,187.50, amua mapema utapandisha au utashusha, na mwonyeshe mteja kiasi kamili kabla hajaweka PIN.

*Kikomo.* Tangu Agosti 2023, muamala mmoja wa M-PESA unaweza kufika KSh 250,000. Kama unauza vitu vya bei kubwa kuliko hapo, panga malipo kwa awamu au njia ya benki. Usingoje mteja akwame.

*Tokeni kuisha.* "Asubuhi ilikuwa sawa, saa nne ikakataa." Ukisikia hivyo, angalia tokeni kwanza. Ile ya Daraja hudumu sekunde 3,599, karibu saa moja. Seva ijue kuomba nyingine kabla ya hiyo kuisha.

Vifaa vya kukusaidia

Habari njema ni kwamba vingi vinaweza kutumika bila malipo. Gharama kubwa ni bando na muda wako.

*Kuandika apu.* Android Studio ni ya bure, na lugha ambayo Google inaipendekeza kwa Android ni Kotlin. Ukitaka msimbo mmoja ufanye kazi kwenye Android na iPhone, angalia Flutter au React Native. Kama tayari unajua JavaScript, React Native itakuwa rahisi kwako. Flutter inatumia lugha ya Dart, ambayo itabidi ujifunze, lakini haina ugumu mkubwa. Kumbuka kwamba apu ya iPhone hujengwa kwa Xcode, na Xcode inafanya kazi kwenye kompyuta ya Mac pekee. Kama wateja wako wengi wana Android, anza na hiyo.

*Simu ya majaribio.* Simu bandia iliyo ndani ya Android Studio hula kumbukumbu nyingi, na laptopu ya mtumba itaanza kupiga kelele. Tumia simu yako halisi. Nenda kwenye mipangilio, tafuta nambari ya muundo wa programu, uibonyeze mara 7, na chaguo za wasanidi zitafunguka. Unganisha kwa waya wa USB, uwashe ruhusa ya utatuzi, na apu itaenda moja kwa moja. Bora zaidi, azima simu ya bei nafuu kabisa unayoweza kupata. Hiyo ndiyo aliyonayo mteja wako.

*Uwanja wa majaribio.* Daraja ina sehemu ya kujaribu bila Paybill yako mwenyewe. Nambari ya biashara ya majaribio inayotumika na wengi ni 174379. Jaribu kulipa, kisha jaribu kukataa, kuweka PIN mbaya, kuzima simu katikati, na kukata intaneti. Wengi hujaribu njia ya mafanikio peke yake, halafu wanashangaa Jumamosi.

*Postman.* Hukuwezesha kutuma maombi na kuona majibu kabla hujaandika hata skrini moja. Kama ombi halifanyi kazi Postman, halitafanya kazi kwenye apu.

*ngrok.* Majibu ya mwisho yanahitaji anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje, na laptopu yako nyumbani haina. ngrok hukupa anwani ya muda ya kujaribia. Siku ya biashara ya kweli, hamia kwenye seva yako.

*Git.* Huhifadhi kila toleo la kazi yako. Siku utakayoharibu kitu saa nane usiku, utarudi kwenye toleo la jana na kulala.

*Firebase Crashlytics.* Hukuambia apu imeanguka kwenye simu gani na kwa sababu gani, hata kama mteja hakukuambia. Wateja wengi hawakuambii. Wanaiondoa tu.

Kuna kifaa kimoja kisichopakuliwa: daftari la jioni. Kila siku, linganisha maagizo yaliyolipwa kwenye apu na taarifa ya Till. Tofauti ya agizo moja leo ni rahisi kuitafuta. Tofauti ya mwezi mzima, hapana.

Swali la 7: Nikimaliza, naiwekaje dukani?

Google Play hutoza dola 25 za Marekani mara moja tu unapofungua akaunti ya developa. Apple hutoza dola 99 kila mwaka.

Kama akaunti yako ya Google Play ni ya mtu binafsi na uliifungua baada ya 13 Novemba 2023, huwezi kutoa apu kwa umma siku hiyo hiyo. Unatakiwa kwanza uwe na wajaribu wasiopungua 12 waliojiunga na jaribio lako kwa siku 14 mfululizo. Wengi hukasirikia sheria hii, lakini tunakushauri uitumie vizuri. Tafuta watu 12 wasiojua kompyuta: shangazi, jirani, mwenda boda wako, mama wa kanisani. Usiwaelekeze. Waangalie tu wanavyobonyeza. Kijana wa Rongai alikuwa amejaribu apu yake na wanafunzi wenzake watatu, wote na salio la kutosha na intaneti ya chuo.

Mambo mawili ya kujua kabla. Bidhaa unayoipeleka kwa mtu mkononi, kama gesi au chakula, unaweza kupokea malipo yake kwa pesa za simu. Vitu vya kidijitali vinavyotumika ndani ya apu, kama sarafu za mchezo, vina kanuni zake za malipo za Google na Apple, kwa hivyo zisome kabla ya kujenga. Na kama apu yako inakopesha watu, Kenya inakutaka uwe na leseni ya Benki Kuu, na Google nayo itakuuliza uthibitisho wa hiyo leseni.

Swali la 8: Na data za wateja wangu?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama duka lako ni dogo. Kwa ufupi: chukua data unayoihitaji tu, mwambie mteja unaitumia kwa nini, na uitunze. Duka la gesi linahitaji jina, nambari ya simu na mahali pa kupeleka mzigo. Halihitaji orodha ya marafiki wa mteja wala picha zake. Kila ruhusa isiyo na kazi iondoe.

Data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wateja, unatakiwa kuarifu Ofisi ya Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Kabla ya kuzindua, angalia pia kama biashara yako ni kati ya zinazotakiwa kujisajili na ofisi hiyo.

Kwa wewe unayemlipa fundi

Huhitaji kujua kusoma msimbo ili umuulize fundi wako maswali haya kabla ya kutoa pesa ya mwisho:

- Till au Paybill ni ya nani? Iwe kwa jina la biashara yako, sio lake. Pesa zisipitie kwake hata kwa siku moja.
- Akaunti ya Google Play imefunguliwa kwa jina na barua pepe ya nani?
- Nikiacha kufanya kazi nawe, msimbo wote na nywila za seva nitavipata vipi?
- Nionyeshe kinachotokea mteja akikataa kuweka PIN.
- Nionyeshe kinachotokea intaneti ikikatika katikati ya malipo.
- Neno "Asante" linaandikwa wakati gani hasa?

Swali la mwisho ndilo tunalipenda zaidi. Fundi mzuri atakujibu bila kusita: risiti ikishafika. Akianza kuzungukazunguka, mwambie arudi nyumbani amalizie kazi.

Rongai iliishia wapi?

Usiku ule hatukuandika apu upya. Kijana alibadilisha skrini moja na kuongeza swali moja kwenye seva, kazi ya kama saa tatu. Mama wa malipo mawili alirudishiwa pesa zake kabla ya kulala. Jumapili asubuhi mwenye duka aliwapigia simu wale wanne mwenyewe, na akaona ni vizuri asianze na lawama. "Mwanangu, ile gesi ya jana, malipo yalikataa. Hebu jaribu tena." Watatu walilipa siku hiyo hiyo. Wawili kati yao hata hawakuwa wamejua. Apu ilikuwa imewaambia asante, wakaamini. Wa nne hakuwahi kushika simu, na ule mtungi duka lilihesabu kuwa ada ya shule.

Una swali ambalo hatujalijibu? Tuandikie kupitia sehemu ya Msaada ndani ya apu yetu. Taja nambari ya muamala na saa ulipotokea, tutaupata haraka. PIN yako usitutumie. Hatutaiuliza leo, na mtu yeyote atakayeiuliza akisema ametoka kwetu, mkatie simu.